Sikio la mbwa limejaa damu: kutoboa, kupasua au kuliacha?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Tengeru, Arusha. Mbwa wetu Tomi ni chotara wa German Shepherd, ana miaka 7. Wiki 2 zilizopita tuliamka tukakuta sikio lake la kushoto limevimba kama andazi, laini, lina joto. Mtaalamu wa mifugo wa hapa mtaani akaja akavuta damu kwa sindano, sikio likarudi sawa, lakini siku ya tatu likajaa tena. Akarudia, likajaa tena. Sasa kuna anayesema apasuliwe, jirani anasema tulichane kwa wembe damu yote itoke, na baba anasema tuliache litakauka lenyewe. Tomi anatikisa kichwa usiku kucha na sikio linanuka. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumuuguza Tomi. Mwambie baba nimemsikia na hajakosea kabisa, nitalifikia jambo lake. Lakini katika maelezo yako yote, yaliyonigusa zaidi ni yale ya mwisho, kwamba anatikisa kichwa usiku kucha na sikio linanuka. Kila aliyefika hapo kwenu ameshughulika na damu. Hujaniambia kama kuna hata mmoja aliyechungulia ndani ya tundu la sikio. Kilichoileta damu hiyo bado kimo humo, na ndicho kinachoirudisha kila baada ya siku tatu.

Shika sikio lake zima, la kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi kwamba katikati ya ngozi mbili kuna kitu chembamba, kigumu kidogo, kinachopinda bila kuvunjika. Hilo ni gegedu. Mishipa midogo ya damu inapita juu yake, na mingine inalitoboa kwenda upande wa pili. Mbwa anayewashwa akitikisa kichwa, sikio linajichapa kwenye fuvu, kwenye ukuta, kwenye nondo za banda, tena na tena usiku kucha. Gegedu linachanika kwa ndani, tabaka zinaachana, vimshipa vinakatika, na damu inajaa katika ule uwazi. Karibu kila mara uvimbe hutokea upande wa ndani wa sikio, ule usio na manyoya mengi. Hiyo ndiyo hematoma ya sikio.

Mara ya kwanza bila shaka ilitolewa damu nzito, nyekundu. Mara ya pili nadhani ilikuwa nyepesi zaidi, ya rangi ya chai ya rangi, labda na nyuzinyuzi zilizoziba sindano. Baada ya siku kadhaa damu humo ndani hujitenga: maji yanabaki peke yake na mabonge yanashikamana na gegedu. Sindano inayavuta maji tu. Uwazi unabaki palepale, ngozi haijagusana na gegedu ikashika, Tomi anaendelea kutikisa kichwa, na sikio linajaa. Kwa hiyo yule mtaalamu hakuwakosea kwa kuvuta damu. Kazi iliishia njiani tu.

Nianze na wembe, maana huo naomba mwuweke kando leo hii. Kidonda kidogo cha wembe hufunga ndani ya siku moja au mbili na kuacha damu imefungiwa humo pamoja na vijidudu vilivyoingia na huo wembe. Damu ni chakula kizuri sana cha bakteria. Gegedu nalo halina mishipa yake ya kulilisha, linategemea utando unaolifunika, kwa hiyo likishaingiwa na usaha kupona kwake ni kazi ndefu. Isitoshe, mbwa akipata maumivu makali kiasi hicho atamng'ata hata mtoto anayelala naye kibarazani. Na ipo sababu nyingine ya damu kujaa sikioni ambayo wembe unaweza kuifanya iwe hatari kweli, nitaieleza mbele.

Sasa la baba. Ni kweli hematoma ikiachwa hukauka. Mwili utayanyonya maji yale, kwa wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwezi, na mahali pake patajaa kovu. Tatizo ni kwamba kovu hujivuta. Sikio linajikunja na kusinyaa kama jani lililopitiwa na moto, na kama uvimbe ulikuwa karibu na shina la sikio, tundu lenyewe linaweza kubanwa. Tundu lililobanwa halipitishi hewa vizuri wala dawa haifiki, na mbwa mwenye historia ya masikio mabovu hapo ndipo anapoanza kuugua kila msimu. Halafu kuna maumivu ya wiki zote hizo. Mimi hukubali kuliacha sikio lijikaushe pale ambapo uvimbe ni mdogo, au mbwa ni mzee mwenye moyo dhaifu na namwogopea nusukaputi, na hata hapo ugonjwa wa ndani ya sikio lazima utibiwe kikamilifu. Sura ya sikio peke yake hainitii wasiwasi. Mbwa mwenye sikio lililokunjamana anakula, anacheza na analinda kama wenzake.

Njia ninayoianzia mara nyingi, uvimbe ukiwa mpya, ni sindano pamoja na steroidi. Unanyoa manyoya, unasafisha ngozi, unavuta maji yote kwa sindano nene kutoka sehemu ya chini kabisa ya uvimbe, unaosha uwazi kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka yatoke karibu safi, kisha unaacha humo kiasi kidogo cha deksamethasoni au triamsinoloni. Wapo madaktari wanaopendelea vidonge vya prednisoloni kwa wiki mbili tatu, dozi ikipunguzwa hatua kwa hatua. Steroidi inatuliza uvimbeuchungu unaofanya vimshipa viendelee kuvuja, na vilevile inapunguza muwasho, kwa hiyo kichwa kinatulia. Mara nyingi inabidi kurudia baada ya siku kadhaa. Faida yake ni kubwa: mbwa halazwi, gharama ni ndogo, na sikio hupona likiwa na sura yake kwa mbwa wengi.

Ila steroidi zina masharti. Tomi atakunywa maji mengi, atakojoa sana, atakuwa na njaa isiyoisha, na hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni kinyesi cheusi kama lami au kutapika, maana hapo tumbo linavuja damu, na hali hiyo huja upesi zaidi kama mtu amempa pia dawa ya maumivu kama diklofenaki au meloksikamu. Dawa hizo hazichanganywi na steroidi hata kidogo. Na kwa kuwa nimetaja diklofenaki: hiyo, na ibuprofeni, na parasetamoli zilizomo kabatini kwenu, ni dawa za binadamu, msimpe. Mbwa mwenye kisukari au jike mwenye mimba hapewi steroidi bila daktari kufikiri mara mbili. Vidonge navyo haviachwi ghafla.

Kuna njia ya katikati ambayo kwenu Tengeru, penye ng'ombe wa maziwa kila nyumba ya tatu, itaeleweka haraka. Ule mrija mdogo wa plastiki wa kuzibulia chuchu za ng'ombe, unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, unaweza kuingizwa kwenye uvimbe kupitia tundu dogo karibu na ncha ya sikio, ukashonwa usitoke, ukaachwa wiki mbili hivi. Maji yanadondoka yenyewe huku ngozi inashikana na gegedu. Mwenye mbwa anakamua taratibu kila siku na kufuta ncha ya mrija. Inafaa sana kwa sikio linaloning'inia na uvimbe ambao bado haujajaa mabonge. Kero yake ni madoa kwenye kuta na nguo, kwa hiyo mbwa anayelala ndani ya nyumba anahitaji wenye subira.

Upasuaji ndio unaobaki, na ndio wenye uhakika zaidi kwa uvimbe mkubwa, uliokaa siku nyingi, au uliorudi baada ya kutibiwa vizuri. Mbwa hulazwa kwa nusukaputi. Ngozi ya ndani ya sikio hupasuliwa kwa mstari mmoja, wengine huupinda kama herufi S, mabonge yote yanatolewa na uwazi unaoshwa. Watu hudhani kazi ni kule kupasua. Kazi ni nyuzi. Daktari anashona sikio zima, ngozi na gegedu pamoja, kwa mishono mingi midogo iliyotawanyika ili pasibaki mfuko wowote wa kujaa maji. Mishono hiyo lazima ifuate urefu wa sikio, kutoka shinani kwenda nchani, kwa sababu mishipa mikubwa ya damu inapita hivyo. Ukishona kwa kukata njia yake unaweza kuunyonga mshipa, na kipande cha sikio kikafa. Pale palipopasuliwa hapafungwi kabisa: mdomo wa kidonda unaachwa wazi milimita chache ili maji yapate pa kutokea. Usishangae ukiona sikio linachuruza siku tatu nne za kwanza, ndivyo linavyotakiwa. Nyuzi hukaa wiki 2 hadi 3. Zikitolewa mapema kwa sababu tu sikio linaonekana zuri, uvimbe unaweza kurudi.

Sasa nirudi kwenye harufu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimtibu mbwa mmoja wa shamba la maua ambaye sikio lake lilijaa mara tatu, na mara zote tatu nilivuta damu, nikaandika dawa, nikaondoka. Mara ya nne alikuwa mkali hata kuguswa haguswi, ikabidi nimlaze usingizi, na kwa kuwa amelala nikapata nafasi ya kumulika tundu lote mpaka mwisho. Kulikuwa na kupe jike amejaa damu, mkubwa kama punje ya maharage, ameng'ang'ania karibu kabisa na kiwambo cha sikio. Nilimtoa kwa koleo refu. Damu haikurudi tena. Kwa wiki zote zile mbwa yule alikuwa akiniambia kwa kutikisa kichwa, na mimi nilikuwa nikiangalia andazi. Tangu siku hiyo sigusi hematoma kabla sijamulika tundu, na nakuomba na wewe usimruhusu yeyote alitibu sikio la Tomi bila kulimulika kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani ya tundu la sikio.

Tundu la sikio la mbwa halinyooki kama letu. Linashuka wima, kisha linakata kona kuelekea ndani. Ukilifunua ukachungulia kwa tochi ya simu unaona ule wima tu, na pamba ya kijiti mnayoingiza inasukuma uchafu kwenye kona. Lakini hata kutoka mlangoni unaweza kuniambia mengi. Uchafu wa kahawia wenye mafuta, unaonuka kama togwa iliyochacha, mara nyingi ni fangasi. Uchafu mweusi, mkavu, kama kahawa iliyosagwa, ni utitiri wa masikio, hasa kwa mbwa mdogo au anayelala na paka. Usaha wa njano au kijani wenye harufu kali ya kuoza ni bakteria, na hao huhitaji dawa iliyochaguliwa kwa kupima. Mbegu za nyasi zenye miiba nazo huingia sana baada ya mvua. Na masikio yote mawili yakiwa mekundu, mbwa akijilamba nyayo na kujikuna kwapani, hapo nafikiria mzio, wa viroboto, wa vumbi au wa chakula. Kwa mbwa wa aina hiyo sikio litarudi kuugua hata baada ya upasuaji mzuri kama mzio haujashughulikiwa.

Dawa za matone zisinunuliwe kwa kukisia. Kama kiwambo cha sikio kimetoboka, baadhi yake, zikiwemo zenye jentamisini, zinaweza kumwondolea usikivu au kumharibia mizani ya mwili. Spiriti, mafuta ya taa, mafuta machafu ya gari, dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe: vyote hivi nimevikuta masikioni mwa mbwa, na vyote vimeunguza.

Na kuna ivermektini. Najua itatajwa, maana kila duka la dawa za mifugo linayo na utitiri unakufa kwayo kweli. Lakini ile ya sindano imepimwa kwa ng'ombe na kondoo, na baadhi ya mbwa wana hitilafu ya kurithi inayoiacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo. Jamii ya Collie ndiyo inayojulikana zaidi, ila hata miongoni mwa German Shepherd wamo wenye hitilafu hiyo. Tomi ni chotara wao. Mbwa aliyedhurika huanza kuyumba, kutoa mate, kutoona, kisha hupoteza fahamu. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna na matone ya mgongoni yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yanayoua utitiri, na mengi yanaondoa kupe na viroboto kwa pamoja. Tumia hizo.

Sasa ile sababu niliyoiahidi. Kupe wa kahawia wa mbwa, wale mnaowaona wakipanda ukutani kwenye banda, hueneza ugonjwa uitwao erlikiosisi. Unashusha chembe sahani za damu, zile zinazoziba vidonda, kiasi kwamba mbwa huvuja damu puani au chini ya ngozi bila kuumia popote. Huku kwetu ni wa siku nyingi: moja ya majina yake ya zamani vitabuni hata limebeba jina la Nairobi. Sumu ya panya pia huzuia damu kuganda, kama mbwa ameila au amekula panya aliyekufa kwayo. Mbwa mwenye hali hizi akitikisa kichwa kidogo tu sikio linajaa, na akikatwa kwa wembe, au hata kwa kisu cha daktari, damu inaweza isisimame. Funua mdomo wa Tomi leo uangalie fizi. Ziwe za pinki, zikibonyezwa ziwe nyeupe kisha zirudishe rangi ndani ya sekunde mbili. Ukiona zimepauka, au vidoa vyekundu kama vya ncha ya kalamu kwenye fizi au tumboni pasipo manyoya, mweleze daktari kabla hajashika chochote. Mimi kwa mbwa yeyote wa umri wa Tomi anayeishi penye kupe nataka kipimo cha damu kwanza. Ikiwa ni erlikiosisi, doksisaiklini kwa takriban wiki 4 ndiyo dawa, na sikio linasubiri.

Kwa Tomi, kutokana na ulichoniandikia, ningefanya hivi. Ningempa usingizi mwepesi mara moja, nimulike masikio yote mawili, niyaoshe mpaka kwenye kona, nichukue uchafu kwa pamba nikaangalie kwenye hadubini, na hapohapo nivute maji ya uvimbe. Yakitoka yote na ngozi ikalala kwenye gegedu, ningeweka steroidi, nianze dawa ya tundu siku hiyohiyo na kumwona tena baada ya wiki. Nikikuta mabonge, jambo ninalolitarajia kwa uvimbe wa wiki 2 uliovutwa mara mbili, ningemwongezea nusukaputi nipasue na kushona palepale, nisimlaze mara ya pili. Kwa hiyo mpeleke akiwa hajala tangu usiku, maji anywe hadi asubuhi, na ukubaliane na daktari gharama za njia zote mbili kabla hajaanza, ili asije akachagua iliyo rahisi kwa kuogopa kuwaudhi. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kwa wasomaji walio mbali na madaktari wa mbwa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro hupokea kesi hizi, na kwa walio Kenya ipo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Wakati wa kumshika achunguzwe mfunge mdomo kwa bendeji, hata kama hajawahi kumng'ata mtu, na beba cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Akirudi nyumbani, kola ya shingoni, ile pana kama koni inayomzuia mbwa kujikuna sikio, ni lazima. Isipopatikana, chukua ndoo ya plastiki ya lita 10, kata kitako, sugua kingo zisichubue, ifunge kwenye mkanda wake wa shingo, mwache ale akiwa amevaa kwa kuinua sahani kidogo. Daktari huenda akalikunja sikio juu ya kichwa na kulifunga bendeji kuzunguka fuvu. Pitisha vidole viwili chini ya bendeji upande wa koo. Visipopita, imekaza mno na itambana pumzi sikio linapoendelea kuvimba. Mwombe pia achore kwa kalamu juu ya bendeji mahali sikio lilipolala. Nimewahi kupokea mbwa ambaye bendeji yake ilikatwa kwa mkasi nyumbani, na ncha ya sikio ikakatwa nayo.

Ukimwona Tomi ameinamisha kichwa upande mmoja, anayumba, au macho yanachezacheza yenyewe, maambukizi yameshaingia sikio la ndani. Hapo usisubiri miadi, mpeleke siku hiyohiyo.